Alama nilizotoa kabla ya kusoma

Kalamu nyekundu ina lugha yake, na kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kusahihisha insha kwa utaratibu wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, anaielewa. Mistari miwili chini ya neno ni kosa la sarufi. Mstari mmoja ni kosa la hijai, yaani la tahajia. Vyema, ile alama ya tiki, pambizoni ni hoja. Kosa huonyeshwa pale linapotokea mara ya kwanza tu, likirudiwa unalipita. Ukimaliza unaipima insha nzima: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Insha mbili, jumla 40. Nimefanya kazi hii kwa miaka 14 katika shule ya kutwa huku Eastlands, Nairobi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kwamba daftari nililolisahihisha ni daftari nililolisoma.

Mwaka wa 2017 nilikuwa na msichana wa Kidato cha Tatu, mpole, wa kuketi safu ya pili. Niliwapa darasa insha ya methali: Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wengi waliandika kuhusu kijana maskini aliyesoma kwa taa ya koroboi hadi akawa daktari, hadithi ambayo kila mwalimu ameisoma mara mia. Yeye aliandika kuhusu mamake, anayetoka nyumbani saa tisa na nusu usiku kwenda Marikiti kununua sukuma na nyanya, kisha anarudi kufungua kibanda kabla watu wa kazi za mapema hawajapita. Kulikuwa na sentensi moja ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Mama hurudi na baridi imeingia kwa nguo yake."

Naikumbuka kwa sababu niliipigia mistari miwili chini ya "kwa". Ingekuwa "katika nguo zake" au "nguoni mwake." Nikasonga mbele. Nikampa 7.

Alipopokea karatasi aliangalia ile saba, akaikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya mkoba. Hakusoma kitu kingine nilichoandika, na kwa kweli hakikuwepo kingi cha kusoma: "Jitahidi katika sarufi." Insha yake iliyofuata ilianza na majogoo kuwika na jua kuchomoza kutoka matlai, na mwanga wake kupenya dirishani, yale maneno ambayo wanafunzi huyanakili kutoka kitabu hadi kitabu. Makosa yalikuwa machache. Nilimpa 11 na kumsifu mbele ya wenzake. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, zaidi ya ile saba. Alikuwa amenielewa vizuri sana. Nilimfundisha kwamba baridi iliyo kwenye nguo za mama yake haina alama, na majogoo wasio wa mtu yeyote wana alama nne zaidi. Mpaka alipomaliza Kidato cha Nne hakuniandikia tena kuhusu nyumbani kwao.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, nilifungua kundi la WhatsApp kwa darasa langu. Wengi hawakuwa na simu, na waliokuwa nayo walikuwa wakiazima ya mzazi usiku anaporudi, na bando ikiwa ipo. Niliwatumia kifungu wakifupishe. Kijana mmoja, ambaye kwenye karatasi alikuwa akipata alama tatu au nne kati ya 15 za ufupisho, alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yake nilisikia mafuta yakichemka na mtoto mdogo akilia. Alizitaja hoja sita, moja baada ya nyingine, bila kurudia, kwa maneno yake. Hakuna mtu aliyenipa ufupisho kama ule mwaka ule. Nilimwuliza kwa nini hakuandika. Akanijibu, tena kwa sauti, "Mwalimu, nikiandika huwa inapotea njiani."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo sijaacha kuwauliza wenzangu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ina fasihi simulizi. Ngano, vitendawili, soga, mawaidha, sanaa ambazo mtambaji huzitamba kwa kinywa, macho na mikono mbele ya hadhira. Nasi tunazipima kwa wino kwenye karatasi yenye mistari. Mwanafunzi anaandika "sifa tano za mtambaji bora" na kupata zote tano bila kuwahi kutamba hata hadithi moja, na yule anayeweza kulinyamazisha darasa zima kwa hadithi ya fisi hana mahali pa kuipeleka.

Lakini shule zilipofunguliwa, Kidato cha Nne kwanza mnamo Oktoba 2020 na wengine Januari 2021, kalenda ilibanwa, mihula ikafupishwa ili tufidie muda uliopotea, na mimi nikarudi kwenye kalamu yangu nyekundu. Sikuwa na muda wa kufikiri.

Muda ulikuja mwaka jana, kwa njia ambayo sikuitarajia. Watoto wa mwisho kufanya KCPE, mtihani wa darasa la nane, waliifanya mwaka wa 2023, wakaja kwetu Januari 2024. Wale waliowafuata walikuwa tayari katika mtaala mpya, wa umilisi, wakiwa sekondari msingi Gredi ya 8, na walikuwa bado na Gredi ya 9 ya kumaliza huko kabla ya kuja kwetu. Kwa hiyo Januari 2025 hakuna mtu aliyekuja. Siku ya kufungua shule, kwa kawaida geti letu hujaa masanduku ya bati, magodoro ya wale wanaohamia kwa jamaa, na akina mama wakiuliza ofisi ya karani iko wapi. Mwaka ule geti lilikuwa kimya. Madarasa ya Kidato cha Kwanza yalifungwa kwa kufuli, na ubaoni mwa mojawapo palikuwa pamebaki tarehe ya Novemba. Nilipopita hapo nilihisi kama nyumba iliyokosa mtoto mdogo. Pia nilipata vipindi vichache kwenye ratiba kuliko miaka yote ya nyuma, na kwa mara ya kwanza nikawa na saa moja mchana ya kukaa na daftari moja.

Likizo moja ya mwaka huo tulienda semina ya kutuandaa kupokea Gredi ya 10, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya kufika kwetu. Mengi niliyoyasikia yalikuwa istilahi: matokeo maalumu yanayotarajiwa, maswali dadisi, masuala mtambuka. Nayaheshimu, maana bila istilahi hatuwezi kuelewana, lakini nilichoondoka nacho ni kitu kimoja ambacho hakikuwa hata kwenye kitabu cha semina. Tukinywa chai, mwalimu mmoja wa Hisabati alitueleza kwamba mwaka wa 1988 mtafiti aitwaye Ruth Butler alichapisha matokeo ya utafiti aliowafanyia watoto wa shule huko Israeli. Kundi moja lilirudishiwa kazi likiwa na alama tu, kundi la pili likapewa maoni tu, la tatu alama na maoni pamoja. Waliopewa maoni peke yake ndio walioimarika. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika na yale maoni, wakawa karibu sawa na waliopewa alama tupu.

Walimu walibishana. Mmoja alisema watoto wa Israeli si watoto wa Kariobangi. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa naiona ile karatasi ikikunjwa mara nne.

Nilianza muhula uliofuata na Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi 54. Niliwarudishia insha bila alama. Nilikuwa nimepiga mistari yangu kama kawaida na kuandika maoni chini, maoni marefu. Nilidhani watayasoma. Walichofanya ni kuhesabu mistari. Nilisimama kati ya madawati nikawasikia: "Wewe uko na miwili-miwili ngapi? Mimi ni tisa, basi hiyo ni kama nane." Walijitengenezea alama kutokana na wino wangu. Na waliokosa kuhesabu wakaja mezani mmoja mmoja. "Mwalimu, sasa nimepata ngapi?"

Siwalaumu. Mtoto aliyelelewa kwa namba tangu darasa la kwanza hawezi kuziacha kwa sababu mwalimu amerudi kutoka semina.

Ikabidi niiache kalamu nyekundu kabisa katika usomaji wa kwanza. Nikachukua penseli. Kila insha niliiandikia swali moja tu, chini kabisa, kuhusu jambo lililosemwa ndani yake. Si "rekebisha sarufi" wala "panua hoja." Swali ambalo mtu angeliuliza akiwa anasikiliza kweli: Huyo jirani alijuaje kwamba ni nyinyi? Mlipofika kituo cha polisi, nani aliongea kwanza? Mwanafunzi anaandika tena, akijibu swali ndani ya insha yake, ndipo kalamu nyekundu inapoingia na alama kutolewa. Niligundua pia kwamba kuuliza swali la namna hiyo hakuwezekani bila kusoma. Mistari miwili naweza kuipiga nikiwa nawaza nauli ya kurudi nyumbani. Swali haliji mpaka nimeielewa sentensi.

Muda ndio tatizo, na sitaki kulipunguza. Daftari 54 kwa dakika kumi kila moja ni saa tisa. Kipindi ni dakika 40, hata nikimsikiliza kila mmoja akinijibu swali lake kwa dakika moja kengele inalia wengine wakiwa bado. Nilichoweza ni hiki: kila kipindi nawasikiliza sita, wengine wakiwa kwenye kazi ya vikundi, na baada ya vipindi tisa nimelizunguka darasa lote. Kuna siku kelele inanishinda. Kuna wiki mikutano na michezo inakula vipindi na sifiki hata nusu. Insha nazo nimezipunguza, zile nilizokuwa nikizitoa tano kwa muhula sasa ni tatu, kila moja ikiandikwa mara mbili.

Mkuu wangu wa idara, mtu aliyenifunza mengi na aliyesahihisha mitihani ya kitaifa kwa miaka, aliniita kando. "Mwalimu, watoto hawa watapimwa kwa alama. Usije ukawalea na maswali, Novemba ikawakuta hawajui kuandika kwa saa." Alikuwa na haki. Karatasi ya kwanza ni saa moja na dakika 45 kwa insha mbili, na hakuna mtahini atakayerudisha karatasi na swali la penseli. Kwa hiyo Kidato cha Nne wanaandika insha za mtihani, kwa saa, kwa alama, kila baada ya wiki mbili. Sioni ukinzani. Anayejifunza kuogelea hawekwi mashindanoni kila siku, lakini siku ya mashindano akikaribia lazima azoee filimbi.

Mwaka huu shule yetu ina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne, bila Kidato cha Pili. Mezani pangu majilisini, chumba cha walimu, kuna mafaili mawili. La kwanza ni la alama na nafasi, na litafungwa KCSE ya mwisho ikifanywa mwaka wa 2027. La pili ni la viwango: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio, na kila kiwango kimegawanywa mara mbili kama katika matokeo waliyokuja nayo kutoka Gredi ya 9. Mzazi mmoja wa Gredi ya 10 alikaa mbele yangu na ripoti, akaipindua upande wa pili, akarudi wa kwanza. "Mwalimu, asante, lakini huyu mtoto amekuwa namba ngapi?" Nikamweleza kwamba hatupangi namba. Akanyamaza kwa heshima, kisha akauliza polepole, "Basi kati ya hao wote, wangapi wako mbele yake?"

Alitaka kujua kama pesa anazolipa zinafanya kazi, na ni swali halali. Maneno "anakaribia matarajio" hayamjibu zaidi ya namba 31 ilivyokuwa ikimjibu. Nilifungua daftari la mtoto, nikamsomea kazi ya Februari, kisha nikamsomea ya Machi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii ya pili ni ya mtu mwingine." Hilo aliliona mwenyewe, na tangu siku hiyo sifanyi mkutano wa wazazi bila madaftari mezani.

Kuna jambo moja la mtaala mpya ambalo nalipinga waziwazi, nalo ni miradi ya kwenda kutengenezwa nyumbani. Nimepokea kazi zilizochapwa kwa rangi, zikiwa na jalada la plastiki, na nikajua saiba, yaani duka la kompyuta na uchapishaji, zilikotoka. Mtoto wa pili, ambaye mamake hana hata ya kuchapishia ukurasa mmoja, ameleta karatasi ya daftari. Nikiziweka kando kwa kando na kuzipima, ninachopima ni mfuko wa mzazi. Kwangu, kazi ya kutathminiwa huanza na kuisha ndani ya geti la shule, kwa kalamu au kwa mdomo. Mtoto akitoka nje, anatoka kwenda kusikiliza na kurudi na alichokisikia.

Na hapo ndipo ninapomfikia kijana ninayetaka kumwelezea.

Yuko Kidato cha Tatu sasa. Anaketi nyuma, karibu na dirisha lililopasuka. Februari niliwapa jaribio la isimu jamii, swali la alama 10 kuhusu sajili ya matatu, yaani mtindo wa lugha ya makanga (utingo) na wenzake wa garini: taja na ueleze sifa zake. Jibu lililoko vitabuni linajulikana: kuchanganya ndimi, misimu, takriri, sentensi fupifupi, chuku. Yeye aliandika mstari mmoja na nusu. "Makanga wanaongea haraka juu gari inasonga na watu wako mbali."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, maana lilikuwa jaribio. Mistari miwili chini ya "juu," ingekuwa "kwa sababu." Mistari miwili chini ya "inasonga," gari ni la ngeli ya LI-YA. Nikampa 2, nikaweka karatasi juu ya nyingine, nikachukua inayofuata. Sijui ni nini kilichonirudisha. Labda ni lile neno "kwa" la mwaka wa 2017, lililopigiwa mistari kama hiyo. Niliichukua tena karatasi yake nikaisoma kama sentensi.

Wanafunzi 53 walikuwa wamenitajia kwamba sentensi za makanga ni fupi. Yeye peke yake alikuwa ameniambia kwa nini.

Nilichukua penseli nikaandika: "Na gari likisimama?" Siku ya pili alikuja na karatasi mezani, hakuwa ameandika kitu. "Mwalimu, naweza kukwambia tu?" Nikamwambia aseme. Akaniambia kwamba mjomba wake ni makanga, gari za kwenda mjini, na kwamba gari likiwa stejini halijajaa anaita bila kitenzi: "Tao finje! Tao finje!", yaani mjini ni hamsini. Aliye ng'ambo ya barabara anahitaji kujua mambo mawili tu, gari linaenda wapi na ni pesa ngapi, na ukimwekea maneno mengine hayamfikii, honi na injini zinayala. Lakini akipanda mama mzee, mjomba anabadilika. Anashuka kabisa chini, anamshika mkono. "Shosho, shika hapo, polepole, tuko na wewe." Sentensi nzima, sauti ya chini, ukiacha hilo "shosho" hakuna hata neno moja la Sheng. "Ni makanga yuleyule, Mwalimu," akasema, "lakini kitabu kinasema makanga huongea namna moja."

Nimefundisha sajili kwa miaka 14. Sijawahi kuielezea vizuri hivyo.

Siku iliyofuata nililituma darasa zima, wakirudi nyumbani jioni, kila mmoja asimame stejini kwake kwa dakika kumi, asikilize tu, na aandike maneno kama yalivyosemwa. Donholm, Umoja, Komarock, Njiru. Walirudi na mambo ambayo sikuwa nayo katika maandalizi yangu. Msichana mmoja alikuwa amenakili jinsi dereva na makanga wanavyozungumza kwa kugonga bodi ya gari, mara ngapi ni kusimama na mara ngapi ni kwenda, akauliza kama kugonga ni sajili au si sajili. Tulimaliza kipindi kizima kwenye swali hilo. Wengine walileta kurasa mbili za kelele zisizo na maana, hilo nalo lilitokea.

Kijana wangu nilimwambia kwamba nimekisikia alichosema, na sasa ninakitaka kwenye karatasi. Alisita. Kuandika bado ni kazi ngumu kwake, na sitaki mtu adhani kwamba swali la penseli limeiondoa. "Juu" bado ni "kwa sababu," gari bado linasonga katika ngeli isiyo yake, na mtihani wa mwisho wa muhula wa kwanza, insha yake ilipata 9 kati ya 20. Mwaka jana zilikuwa 4 na 5. Mistari miwili bado ni mingi, nami naipiga yote kila inapostahili.

Alileta rasimu ya kwanza Jumatatu, ukurasa mmoja kamili, wa kwanza kuniletea bila kusukumwa. Wito wa stejini ulikuwemo, mjomba na mama mzee walikuwemo. Niliisoma mara mbili, nikaandika chini kwa penseli: "Kwa nini shosho hakuambiwa 'finje'?"

Jumatano daftari lilikuwa mezani pangu kabla sijafika. Chini ya swali langu, kwa mwandiko wake uliolalia upande wa kushoto, alikuwa amejibu:

"Shosho ameshaingia, Mwalimu. Bei huitiwa walio nje."